Miche Niliyoiita Iliyoshiba

Korogwe,
Jumatatu asubuhi

Kwa mdogo wangu mpendwa Yustina,

Amani ya Bwana ikae nawe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti la kulia ulilolilalamikia wakati wa kupalilia limepata nafuu. Je, mtama unaendeleaje? Alizeti mmekwisha kupanda, au bado mnaiangalia mvua? Punda yu mzima? Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kusema hajambo. Miguu huvimba ifikapo jioni, na miwani hii imechoka, lakini chakula nakila na usingizi naupata. Binti yangu Anjelina anaendelea na kazi yake ya uuguzi, nami naendelea kukaa kwake hapa Korogwe, kama ujuavyo, tangu tulipomzika wifi yako. Joto la huku bado linanishinda. Mvua zao huja mara mbili kwa mwaka, na bado wenyeji hulalamika kwamba hazitoshi. Wakilalamika, mimi hunyamaza, maana nikisema tunavyoishi sisi na mvua yetu ya mara moja, wataniona nabishana.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza ni hii barua yenyewe, kwa kuwa najua siku hizi watu hupigiana simu. Nilikupigia Jumamosi. Ulipopokea ukasema, "Shikamoo kaka," nikaitikia marahaba, na hapo neno nililokusudia kukwambia likagoma kutoka. Nikakuuliza habari za mvua. Ukanijibu vizuri, kwa adabu yako ya siku zote. Nikakuuliza tena habari za mvua. Ukacheka, ukasema, "Kaka, mbona umeshaniuliza?" Nikakuaga nikisingizia kwamba salio linakwisha. Salio lilikuwapo. Jambo la pili ni kwamba barua itakuwa ndefu. Nivumilie.

Nakuandikia ili nikwambie kwamba hukuiharibu miti ya kanisa. Niliiharibu mimi. Kisha nikakusingizia wewe mbele ya watu.

Nitaeleza tangu mwanzo, ingawa sehemu kubwa unaijua kuliko mimi, ili mtu yeyote utakayependa kumwonyesha barua hii asome na kuelewa pasipo kukuuliza.

Miaka miwili iliyopita, wazee wa kanisa letu walipoamua kupanda mikaratusi nyuma ya kanisa, ili siku moja itoe nguzo na mapau ya nyumba ya mwinjilisti, niliomba nipewe heshima ya kuleta miche. Hakuna aliyenituma. Nilitaka jina langu litajwe nyumbani, hata kama mwenyewe siko. Nikaenda kwenye kitalu kimoja kando ya barabara, nikamkuta muuzaji tayari kunihesabia miche kuanzia mwanzo wa tuta. Nikakataa. Nikavaa miwani, nikachuchumaa, nikapitia mche mmoja mmoja kwa mkono wangu. Mingi ilikuwa na majani membamba na laini. Mingine ilikuwa na mshipa wa katikati wa jani ulionenepa, wenye vinundu vya kijani vinavyong'aa, vingine vimeanza wekundu, na vikonyo vyake vilikuwa vinene kama vidole vya mtoto mchanga. Nikamwambia muuzaji, "Nataka hii. Hii ndiyo iliyoshiba."

Unajua tulivyolelewa, Yustina. Kwetu ndama aliyeshiba husifiwa, suke lililoshiba husifiwa, na hata mimi darasani niliwasifu wanafunzi kwa insha zilizoshiba. Neno lile lilinitosha. Sikujiuliza miche imeshiba nini. Nikaiacha ile miembamba, ambayo sasa najua ndiyo iliyokuwa nzima, nikachagua iliyovimba mpaka ikatimia arobaini. Nikaipanga kwenye maboksi, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi ili aishushe Mkiwa, kituo cha karibu na kwetu.

Wewe ndiye uliyekuja kuipokea na punda wako. Nawe ndiye uliyekubali kuimwagilia, wakati wenzako wote walikuwa na udhuru. Kisima kilichopo hatua chache kutoka kanisani ni cha maji ya chumvi, hata mbuzi huyanywa kwa shingo upande. Maji matamu yako kwenye pampu, kule bondeni, na ufunguo wa pampu ulikuwa mikononi mwako kwa sababu kijiji kizima kilikuamini. Ulikwenda na punda na madumu manne, kwenda na kurudi, kiangazi chote. Haya nayajua leo. Wakati ule sikutaka kuyajua.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili ya simu.

Mzee Hango, mzee wetu wa kanisa, alinipigia baada ya ibada akiwa amesimama kwenye miti pamoja na washarika, na simu ameiweka sauti kubwa ili kila mtu asikie. Nilifurahi kuwasikia. Akasema, "Mwalimu, hii miti yako imeota majipu." Watu wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti, "Si majipu hayo, ina mimba!" Wakacheka zaidi, nami nikacheka nao. Kisha Mzee Hango akaeleza vizuri: mishipa ya majani imevimba, majani yamejikunja kama sikio la mbuzi, na zaidi ya nusu ya miti imedumaa, haijamfika hata kiunoni.

Nikauliza, "Anaimwagilia maji ya wapi?"

Nikaisikia sauti yako kwa mbali. "Ya pampu, kaka."

"Sasa kwa nini ivimbe?"

"Sijui, kaka. Ila hata ile mikaratusi mikubwa ya jirani, machipukizi yake yameanza hivyo hivyo, na ile haimwagiliwi na mtu…"

Hapo nikakukatiza. Ulikuwa umeshika ukweli wote mkononi, Yustina, na sikukuacha umalize sentensi. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Ndugu zangu, hiyo ni chumvi. Kitu chochote kikinywa chumvi huvimba. Mwenye kumwagilia amekuwa akichota kisima cha karibu." Kisha nikamsikia Mzee Hango akisema, "Basi. Mwalimu kasema."

Sikufundishwa hivyo na mtu yeyote. Si misheni, si chuoni, wala sijapata kukisoma kitabu kinachosema hivyo. Wiki ile ile daktari alikuwa amenikataza chumvi kwa ajili ya miguu yangu, akaniambia ndiyo inayoivimbisha. Nami nikaipa miti ugonjwa wa miguu yangu, nikakupa wewe lawama. Hayo ndiyo yote yaliyokuwa katika elimu yangu siku ile.

Yaliyofuata umeyabeba peke yako. Umwagiliaji ulikwenda kwa mtu mwingine. Mwezi uliofuata viongozi wa kijiji wakasema kwamba mtu aliyedanganya kuhusu maji hawezi kushika ufunguo wa maji, na ufunguo wa pampu ukachukuliwa kwako mkutanoni, mbele ya wake zao na watoto wao. Sikuwapo, lakini nilisimuliwa. Nilisimuliwa pia kwamba wanawake pampuni walianza kukuita Mama Magadi, na kwamba wakikuona unakuja na punda husema, "Mpisheni Mama Magadi, leo kafuata matamu." Anjelina ndiye aliyeniambia, alipopata habari kwa binti yako. Aliniambia kwa huzuni. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Niliona ni jina lililobuniwa vizuri. Anjelina akanitazama, akaondoa sahani mezani ingawa sikuwa nimemaliza kula.

Wifi yako angekuwa hai, mambo yasingefika huko. Unamjua, angeniuliza swali lake moja tu: "Umemuuliza mwenyewe?" Nilikaa na mwanamke yule miaka mingi akiniuliza swali hilo, na alipoondoka sikubaki nalo.

Kisha ukaniletea asali. Hata baada ya yale yote, ulimpata mtu anayetoka Itigi, ukanunua asali nzuri ya nyuki wa porini, ukaniletea kwa basi ndoo ndogo iliyofungwa vizuri. Ndani ya mfuko ule ule kulikuwa na kikopo cha mafuta ya kujipaka, kimefungwa kifuniko na kuzungushiwa uzi, na karatasi yenye mwandiko wako: *Kaka, fungua uone mwenyewe.* Nilidhani umeweka udongo, au maji ya pampu, ili ubishane nami. Nikakiweka juu ya kabati. Asali niliila. Niliila kila asubuhi kwa mkate, na kikopo kikiwa juu yangu.

Wiki mbili zilizopita nilirudi kitaluni. Nakuomba uisome sehemu hii polepole, kwa kuwa ndiyo inayoniaibisha zaidi. Nilikuwa nimewaahidi wazee wa kanisa kwamba nitaleta miche mingine kufidia iliyoharibika, na kwa kinywa changu nilimwambia Mzee Hango, "Safari hii mtafute mtu mwaminifu." Nikachuchumaa tena, nikaanza tena kuchagua iliyoshiba. Kumbe afisa misitu, mama mmoja wa makamo mwenye buti za mvua, alikuwa amekuja siku ile kukikagua kitalu. Akasimama karibu yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo uliyoshika, naomba uirudishe."

"Kwa nini? Mbona ndiyo iliyoshiba?"

"Imeshiba nyigu, babu."

Nilidhani ananitania. Akachomoa wembe, akapasua mshipa wa jani kwa urefu, akaniazima lenzi yake ndogo. Ndani ya kile kinundu kulikuwa na vijumba vidogo, kila kimoja na buu jeupe lililojikunja, lisilo na miguu, dogo kuliko punje ya ufuta. Akanieleza kwamba nyigu hawa ni wadogo mno, hawafanani na wale tunaowaogopa, wala hawana habari na watu. Jike hutoboa jani changa na kutaga ndani ya mshipa wake. Mti wenyewe ndio unaovimba kulizunguka buu, ukaijenga ile nyumba kwa nyama yake, na buu likala humo mpaka likue, litoboe tundu na kuruka kwenda mti mwingine. Mti mchanga ukishambuliwa sana hudumaa. Nao husafiri mbali kwa njia moja kubwa: watu wanaobeba miche.

Nikamuuliza, "Na maji? Maji ya chumvi hayawezi kufanya hivi?"

"Babu, hata ungemwagilia maziwa, wangeingia tu."

"Na miti mikubwa ya jirani?"

"Ina umbali gani?"

"Kutupa jiwe."

"Basi imeshapata."

Niliirudisha miche tutani, mmoja mmoja. Muuzaji naye alikuwa amesimama akihofia mali yake, sikuwa na neno la kumlaumu. Alitaka kunihesabia kwa mpangilio, mimi ndiye niliyechagua. Nikarudi nyumbani, nikapanda kiti, nikakishusha kikopo. Nilikifungulia barazani, kwenye mwanga. Kilikuwa na kijitawi kilichokauka, majani yake yana vinundu, na vinundu vimetobolewa vitundu vya mviringo kama kwa ncha ya sindano. Chini kabisa ndani ya kikopo kulikuwa na vitu kama pilipili manga iliyosagwa. Anjelina akavipiga picha kwa simu yake, akaikuza picha. Vilikuwa na mabawa.

Kisha akasema, "Baba, shangazi alikuletea ushahidi. Wewe ukala asali."

Alikuwa amesema yote.

Sasa naomba unisikilize kuhusu miti, halafu nitarudi kwetu sisi wawili. Yule afisa amesema matawi na machipukizi yenye vinundu yakatwe na kuchomwa moto palepale, yasiburutwe kijijini. Miti iliyodumaa kabisa ing'olewe, nayo ichomwe. Asiruhusiwe mtu kuchukua mche wala tawi kupeleka kwingine, hata kwa ndugu. Aende mtu Ikungi akamwone afisa misitu wa wilaya, aje aione na ile ya jirani, kwa maana sitaki tena mambo haya yaamuliwe na mtu aliye mbali anayejiona anajua. Huenda nyigu hawa hawataisha kwetu kabisa. Hilo nimeambiwa waziwazi, nami nakwambia waziwazi. Jirani yako ataniuliza habari ya miti aliyoirithi kwa baba yake, na sina la kumpa ila kukiri.

Nimeandika barua ya pili, kwa wazee wa kanisa na mwenyekiti wa kijiji. Imo ndani ya bahasha hii, sikuifunga. Tafadhali uisome kwanza. Nakiri kwamba niliiandika mara tatu. Mara ya kwanza niliandika, "Ilionekana kwamba maji yalikuwa na chumvi, na hatua zikachukuliwa." Mimi niliyefundisha sarufi ya Kiswahili maisha yangu yote nilijua vizuri nilichokuwa nafanya: nilikuwa natafuta vitenzi visivyo na mtu. Nikaichana. Mara ya pili niliandika, "Tulikosea." Nikaichana hiyo nayo, kwa kuwa wewe ungekuwa ndani ya hao tuliokosea. Ya tatu inasema, "Nilichagua miche yenye wadudu. Yustina alisema kweli. Nilimkatiza. Nilimsingizia. Naomba arudishiwe ufunguo na jina lake." Ukiona humo neno lolote linalonipunguzia, lifute kwa kalamu yako.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Natamani, lakini nikikuomba utanipa; nakujua, utanipa hata kabla hujakunja karatasi, kwa sababu mimi ni kaka yako na umefundishwa hivyo. Nami nitakuwa nimekutumia tena adabu yako kama nilivyoitumia siku ile, uliposema "sijui, kaka" na kunyamaza nilipokukatiza. Ungekuwa mtu mwingine ungebishana, na labda ningeaibika mapema.

Wapelekee salamu zangu mama mkwe wa binti yako, aliyenitunza kwa uji nilipokuja kwenye msiba. Mwinjilisti wetu, ambaye nyumba yake sasa itachelewa kwa sababu yangu. Shemeji yetu wa Mitundu, ukimwona mnadani. Na wajukuu wote. Mwambie pia yule mama anayeshika ufunguo sasa kwamba simlaumu kwa lolote. Anjelina anakusalimu, ameniambia niandike kwamba anakupenda na kwamba ananiangalia nisiongeze maneno.

Bahasha hii inaondoka kesho kwa basi. Mimi nitaondoka Alhamisi. Nimepanga hivyo kwa makusudi, ili uwe na siku mbili za kuamua pasipo kuniona usoni. Sijawaambia wazee kwamba nakuja. Nikishuka Mkiwa nitatembea mpaka kwako, na nikikuta mlango umefungwa nitaelewa, wala sitabisha hodi mara ya pili. Nitalala kwa mwinjilisti. Na Jumapili baada ya ibada nitasimama pale nyuma ya kanisa, kwenye miti, nitasema yale yale kwa sauti ile ile, uwepo au usiwepo.

Ni mimi niliyekukosea,
kaka yako,
Zakaria